Oili ya Yule wa Kwenye Mahindi

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, watu wanamwita Bashasha. Ni fundi wa magari, na siku za mashindano ni dereva wa mbio. Kikombe hajawahi kuleta nyumbani. Lakini akiingia dukani kununua sabuni, atatoka na sabuni na habari za wagonjwa wote wa mwenye duka.

Mwaka ule kampuni moja ya oili ilitaka kumdhamini dereva mmoja. Waliobaki ni wawili, yeye na kijana aitwaye Radi, wakapewa oili waijaribu mashindanoni. Bashasha angekosa udhamini huo, gari lingeuzwa, maana tairi zilikuwa kipara kitupu na pesa za kununua nyingine hana. Na kwa mwendo, tusidanganyane, Radi alikuwa hashikiki.

Siku ya mashindano, mama wa mauzo wa kampuni ile alikuja mwenyewe na mpiga picha wake. Radi akawa wa kwanza, akavaa miwani ya jua, akatupita kama anapita kwenye miti. Wetu akatoka nje ya kona, akalala ubavu kwenye mahindi ya watu. Nikasema moyoni, basi, gari limekwenda.

Madereva wana kawaida yao: ukishindwa, unalisingizia gari. Mama akamuuliza mbele ya kamera, "Gari lilikuwa na nini?"

"Halikuwa na kitu, mama. Oili yako imefanya kazi yake. Kona ilikata kushoto, mimi nikanyoosha kwenda kusalimia mahindi."

"Yakaitikia?" Aliyeuliza ni bibi mwenye shamba, jembe mkononi.

"Yameinama kabisa, bibi."

"Basi njoo uyainue, mjukuu wangu mharibifu."

Akaenda na helmeti yake kichwani, akapiga magoti kwenye tope.

"Shindilia udongo," bibi akamkaripia. "Si mtoto huyo, unambembeleza."

Nimetembea sana, lakini sijaona jambo kama lile. Watu wote walihamia ukingoni mwa shamba, wakicheka na kumwelekeza. Radi alibaki na kikombe chake, hana wa kumwonyesha.

"Mzee," mama wa mauzo akaniuliza, "huyu yuko hivi siku zote?"

"Tangu hajaota meno."

"Na kushinda?"

"Huko bado."

Akatoa stika ya kampuni, akafuta tope kwa mtandio wake, akaibandika kwenye mlango uliobonyea. "Mimi nauzia watu wanaokwenda sokoni," akasema. "Kasi ya Radi wataifanyia nini?"

Mwezi uliofuata nilipita duka la vipuri. Rafu ya oili ile ilikuwa tupu.

"Jina lake hawalitaji, mzee," muuzaji akaniambia, naye kashika kiuno. "Wanaingia tu, wanasema, nipe ile ya yule wa kwenye mahindi."