Kuachia Mafuta Kwenye Kona

Ningeweza kumwambia baba mkwe wangu hapana. Lilikuwa neno moja tu, na sababu ya kulisema niliijua kuliko yeye. Badala yake nilisema, "Sawa baba, nimesikia," nikarudi kwangu nikijiona mkwe mwema.

Alichoniomba kilikuwa kidogo. Mimi na mke wangu tulikaa Boko, kwenye kiwanja alichotupa yeye mwenyewe. Ukitoka barabara ya Bagamoyo kuja kwetu, njia ilikunja kushoto mbele ya nyumba moja yenye baraza pana, na hapo wazee wa mtaa walikaa kila siku baada ya swala ya alasiri wakicheza bao. Mimi nilipita na pikipiki. Wazee wakalalamika kwamba mkwe wake anawapita na moto wake kana kwamba baraza ni tupu.

"Ukifika pale, achia mafuta, utulize hicho chombo, uwaamkie," aliniambia. "Wale ni wakubwa zangu."

Kwa mtu asiyeendesha, hiyo ni adabu tu. Kwa anayeendesha, nilikuwa nimeagizwa kutenda kosa moja kila siku, mahali palepale.

Pikipiki niliipata kiwandani. Nilikuwa karani wa stoo, na kiwanda cha umma kilipokabidhiwa mwenye mali mpya, wengi tulipunguzwa, nami nikaondoka na pikipiki kuukuu iliyokuwa ya idara yetu. Kuendesha nilifundishwa na fundi mmoja wa Kipawa aliyekuwa tarishi kwa miaka mingi. Alinizungusha kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya banda lake, yeye amekaa nyuma yangu na kikombe cha chai mkononi, kimejaa.

"Ukinimwagia, tunaanza upya," alisema.

Alimwagikiwa wiki nzima. Shati langu lilikuwa la rangi ya chai mgongoni, na lake kifuani.

"Breki malizia huku nyuma, kabla hujaingia," alinifokea. "Ukishaingia kwenye kona, mkono wa mafuta unafungua kama unavyofungua bomba siku ya mgao wa maji. Taratibu, na haurudi nyuma mpaka utoke. Ukiachia katikati, uzito wote unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi. Halafu uogope, ufungue kwa pupa, linakuhama hilo! Unaniona kesho hospitali, nakuletea machungwa."

Kwa hiyo sikuwa mjinga. Siku ya mwisho chai haikumwagika hata tone, na nilijivunia mkono wangu kuliko cheti changu cha kidato cha nne.

Lakini pale Boko mimi nilikuwa mtu wa bara, nimeoa pwani, nimejenga kwenye ardhi ya wakwe. Wale wazee walikuwa watani zangu pia, na utani wao haukuwa na likizo.

"Mnyamwezi huyo!" mmoja alikuwa akipaza sauti. "Babu yake alifika pwani na mzigo kichwani, kimya. Huyu kaja na kelele, mzigo hana!"

"Mzigo wenyewe ulikuwa wenu, nyie mmelala," nilikuwa nikijibu, wakacheka mpaka kete zikachanganyika.

Nilipenda kicheko kile. Nilipoanza kuachia mafuta mbele yao na kusema "Shikamooni wazee," na wao wakaitika kwa pamoja "Marahaba, mkwe wetu," nililisikia lile neno "wetu" likinikaa vizuri. Chombo kilikuwa kikiyumba kidogo kila mara, nami nilikuwa nakirudisha. Nikiwa peke yangu ilitosha kuweka mguu chini.

Mke wangu alishona sare za shule. Magauni alikuwa ameyaacha, kwa sababu mitumba ilikuwa imejaa kila gulio na hakuna aliyetaka kusubiri fundi. Sare hazikuja na mitumba. Mara moja kwa wiki nilimpeleka Kariakoo kununua kitambaa. Alikaa upande, miguu yote kushoto, kama walivyokaa wanawake wenye heshima zao siku hizo, jora la kitambaa mapajani na mkono mmoja kiunoni mwangu.

Yeye ndiye aliyeona mapema. Jioni moja, tulipofika nyumbani, hakushuka mara moja.

"Bwana we, pale kwa wazee mie nasukumwa mgongoni kwako, halafu narudishwa nyuma," alisema. "Si usimame kabisa uwaamkie? Au waamkie kabla ya kona."

"Nikisimama watanishika maneno nusu saa. Kabla ya kona hawanisikii."

"Basi uwapite tu siku nikiwa nyuma."

"Waseme nini? Kwamba nikiwa na mke ndiyo najiona?"

Alishuka, akachukua jora lake, akaingia ndani. Hakulirudia tena.

Siku ilipotokea, nilikuwa na mke wangu nyuma tukitoka Kariakoo, jua bado lilikuwa juu na mchanga ulikuwa umesombwa na mvua ya jana yake ukalala katikati ya kona. Niliingia na gia ya tatu, mkono umeshafungua vizuri. Nikaona kanzu barazani. Nikaachia mafuta.

"Shikamooni wazee!"

"Marahaba, mkwe wetu! Hamjambo? Wazima huko mjini?"

Swali lile la ziada ndilo lililonishika. Nilitikisa kichwa, nikacheka, nikatafuta jibu la utani, na mkono wangu wa kulia ukaendelea kulegea. Injini ikaanza kukohoa. Nikaogopa isije ikazimika mbele yao, wakanicheka. Nikafungua mafuta yote kwa mkupuo.

Gurudumu la nyuma likatuhama. Tulilala kushoto, upande wa miguu yake, na pikipiki juu ya nyonga yake. Mimi nilichubuka kiwiko.

Miezi miwili mke wangu alilala hospitali, paja limevunjika, mguu umevutwa kwa vyuma vizito. Siku ya tatu wazee walikuja kumjulia hali, baba mkwe akiwaongoza. Walikaa kwenye benchi, wakampa pole, na mmoja wao akasema, kwa wema kabisa:

"Wanawake nyuma ya pikipiki hawatulii. Sisi tulimwona. Aligeuka kututazama, chombo kikakosa mizani."

Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye dereva na ndiye niliyejua. Mke wangu naye alinitazama kutoka kwenye mto. Sijawahi kutazamwa hivyo tena na mtu yeyote.

"Ni mambo ya Mungu, wazee," nilisema.

Walipotoka, alisubiri mpaka nyayo zikapotea kwenye ukumbi.

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba uliachia mafuta kwenye kona, ukayarudisha vibaya. Kwamba mie sikutikisika."

"Watajiona wao ndio wamesababisha. Wazee wale."

"Na mie je?"

Nilimwambia apumzike. Nilirekebisha shuka ambalo halikuwa na kasoro.

Maneno ya yule mzee yakashika mtaa mzima. Wanawake walipokuja kumwona nyumbani walimwambia, pole mwenzetu, lakini siku nyingine utulie. Wiki moja baada ya yeye kutoka hospitali, baba mkwe aliniita pembeni ya nyumba na kuniomba radhi kwa niaba ya binti yake, kwa kuniharibia chombo. Nami niliipokea radhi ile. Nilisema, "Yameshapita, baba." Mke wangu alikuwa dirishani.

Mfupa uliunga, lakini mguu ukabaki mfupi na nyonga haikukunjika tena vizuri. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Alijaribu mguu wa kulia peke yake, akajaribu kukaa juu ya mito miwili, na kila jaribio liliishia kwa uzi kukatika. Sare zikaenda kwa fundi mwingine. Mwaka uliofuata aliniomba talaka. Alisema mguu angeweza kuusamehe, ile ilikuwa ajali. Nilimwandikia kwa mwandiko wangu mzuri wa karani, akaenda kuishi kwa kaka yake Kibamba.

Nilikwenda kwa wazee kusema ukweli baada ya miaka mingi. Wawili walikuwa wameshakufa, na aliyebaki hakukumbuka ajali yoyote. Baba mkwe naye alikuwa ameshazikwa, akiamini binti yake hakutulia. Mke wangu alifariki huko Kibamba, na taarifa ilinifikia baada ya mazishi, kwa kuwa hapakuwa na sababu ya mtu kuniarifu. Sikuoa tena na sina mtoto. Kwa kuogopa kuonekana sina adabu, nilimvunja mke wangu mguu, nikamnyang'anya kazi yake, nikamwacha abebe kosa langu mpaka kaburini.