Siku Tano na Pampu ya Kahawa ya Iyula

Niliondoka Mbeya kwa sababu ya barua ya mistari miwili. Ilisema pampu ya maji ya Iyula imekufa, na kahawa imeiva. Wakati huo, vita vya Hitla vimekwisha na Uhuru bado, mimi nilikuwa fundi wa kuzunguka. Pampu ikilala popote kutoka Mbeya hadi mpakani, natumwa mimi na sanduku langu la spana. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza, kwa hiyo mkiona maneno yangu yanakwenda huku na huku mnivumilie. Mkono wangu ulisoma kuliko kichwa.

Nianze na haraka ya kahawa, maana walio mbali na Mbozi huenda hamuijui. Kahawa mbivu ikichumwa leo inatakiwa iondolewe ganda leo, halafu ioshwe kwa maji mengi. Ikilala lundo siku mbili inachacha, na ikichacha hiyo ni mbolea. Watu wa Iyula walikuwa na mashine ya mkono ya kumenyea, imejengwa juu ya kilima, na maji yako bondeni. Bila pampu, mavuno ya mwaka mzima yanaozea machoni pao.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la mizigo. Dereva alikuwa mtu wa Tukuyu, anaimba nyimbo za kanisa mlima kwa mlima, na akisahau ubeti anapunguza mwendo mpaka aukumbuke. Tulichelewa kwa ubeti wa tatu, si kwa gari.

Saa sita mchana nilishuka Vwawa. Kabla sijanyoosha mgongo mzee mmoja mrefu alinipokea sanduku, akajitwika, akaanza kutembea. Ndipo aliposema jina lake, Nzunda, mtunza pampu wa Iyula, yuko barabarani tangu jua linachomoza. Njia nzima alinisimulia. Ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwashawishi watu wapunguze mahindi na ulezi wapande miche ya kahawa, akiwaambia maji yatapanda kilima yenyewe. Wengine walimcheka. Walipanda hata hivyo, na haya ndiyo mavuno ya kwanza.

"Fundi," aliniambia, "maji yasipopanda, mimi nitakuwa nimewadanganya watu wazima."

Saa tisa tulikuwa bondeni. Nimeona pampu nyingi maishani, zimejaa matope, buibui wamejenga, mbuzi wanajikunia. Ile ya Iyula ilikuwa kama bibi harusi. Nzunda ameizungushia ua, ameng'oa majani hata njiani, na chuma chote amekipaka rangi ya kijani. Nilivua kofia, kweli. Ilikuwa pampu isiyokunywa mafuta. Maji ya kijito yanateremka kwa bomba kwa nguvu, yanapiga kilango cha chuma, mengi yanamwagika, na machache yanasukumwa hadi juu. Juu ya kilango pana tungi la chuma lenye hewa ndani, na hewa hiyo inabanwa na kuachia kama mivukuto ya mhunzi. Hayo ndiyo niliyofundishwa, na nilijiona nimefundishwa yote.

Nilifungua, nikamwaga maji yaliyokuwamo, nikakuta ngozi ya kilango imelika kidogo, nikaibadilisha, nikafunga. Pampu ikaanza: tu, tu, tu. Huko juu watu wakapiga vigelegele tangi lilipopokea maji. Nikapewa ugali wa ulezi na kuku mzima, nikasifiwa, na sifa nilizila pamoja na kuku. Nzunda nilimpa mkono tu. Sikumuuliza neno.

Jumanne nilifika Tunduma, maana ofisini walikuwa wamenipa kazi nyingine huko, kisima cha mkono karibu na mpaka. Mwenyeji wangu alikuwa Sichone, Mnamwanga, mwenye nyumba upande huu na shamba la dada yake upande wa pili. Asubuhi anavuka kwenda kupalilia, anasalimia Wabemba kwa lugha yao, jioni anarudi kwetu. Nilimuuliza kama hachoki kuingia nchi mbili kwa siku. Akasema yeye anaingia shambani tu, nchi wanazijua wenye kofia.

Jumatano mchana, bado niko kisimani, alifika mtu na baiskeli, vumbi hadi kwenye kope. Ametoka Iyula. Pampu ilipiga usiku mmoja, ikaanza kugonga kwa kishindo, bomba likitetemeka, kisha ikalala. Nilisikia uso unawaka. Sichone alikuwa ananishikia kamba, akanitazama.

"Basi hukuitengeneza, ndugu yangu," akasema. "Uliiamsha tu."

Alhamisi asubuhi nilirudi kwa lori, mimi, baiskeli na mwenye baiskeli tukiwa juu ya magunia. Nilitegemea kukuta kahawa inanuka na watu wamekaa wameshika tama. Jambo nililolikuta silisahau. Kutoka kijitoni hadi juu kilimani palikuwa na mstari wa watu, wanaume kwa wanawake, wanapokezana madebe ya maji mkono kwa mkono. Walianza jana yake asubuhi. Wanapeana zamu za kulala, mashine inazunguka, kahawa inaoshwa, hakuna punje iliyotupwa. Lakini lundo la siku ile lilikuwa kubwa kuliko yote, na watu walikuwa wamechoka. Niliwasikia wawili wakisema kwamba mwaka ujao watang'oa miche warudi kwenye mahindi, kuliko kuwa punda wa Nzunda.

Katikati ya mstari alikuwa Mama Tabu, mwanamke mnene mwenye sauti, shamba lake ndilo kubwa. Hakuacha kupokea debe.

"Karibu, baba fundi. Pampu yako inakupenda sana. Ukiigeuzia mgongo tu, inalala."

Watu wakacheka, nami nikacheka, ningefanyaje.

Nikateremka. Safari hii sikushika spana. Nilikaa kwenye jiwe karibu na Nzunda, ambaye alionekana amezeeka kwa siku tatu, nikamwomba anieleze yote aliyoifanyia ile pampu tangu ilipofungwa. Nikamwambia asinieleze yaliyoharibika, anieleze aliyoyatengeneza. Akahesabu kwa vidole. Ua. Majani. Grisi kila Jumamosi. Rangi.

"Na kale katundu kalikokuwa kanatema mate," akasema. "Kila ikipiga, kanatema. Kitu cha kuaminiwa hakivuji, fundi. Nilichonga kijiti cha mti mgumu, nikakigongelea, nikapaka rangi juu."

Halafu nikakumbuka, na jasho likanitoka. Maji yanapopita kwenye lile tungi yanaiba hewa kidogo kidogo, na hewa ikiisha pampu inagonga chuma kitupu mpaka inalala. Aliyeunda pampu aliacha tundu dogo kama la sindano chini ya tungi, ili kila pigo livute funda la hewa mpya, na huko kutema mate ndiko kupumua kwake. Mimi nilipofungua Jumatatu hewa iliingia, ndiyo maana ilipiga usiku mmoja. Tundu lenyewe sikulitafuta. Rangi ilikuwa nzuri mno.

Nilikwangua, nikang'oa kijiti, nikamwaga maji ya tungi, tukafungulia. Tu, tu, tu, na mate yakaturukia wote wawili.

Tulipokuwa tunapanda nilimwambia Nzunda kwamba nitasema ni kutu. Kutu haina ukoo. Tulipofika kwenye lundo, maji yakimiminika tangini na watu wakiweka madebe chini, alisimama mbele yao.

"Si kutu, wala si fundi," akasema. "Ni mimi niliyeiziba pumzi."

Wale wawili wa mahindi waliangalia chini. Mama Tabu alifuta mikono kwenye kitenge taratibu.

"Mzee," akasema, "mwenye kuiua kwa usafi tumemwona. Sasa twendeni tukamenye kahawa, jua halitungoji."

Jua likizama, lundo lilikuwa limekwisha na sakafu imefagiliwa.

Ijumaa sikusafiri. Nilikaa bondeni na Nzunda, akafungua pampu na kuifunga kwa mikono yake mara tatu, nami nikitazama. Nilimwachia spana moja. Mbeya nilimwambia mkubwa wangu kwamba imebaki Iyula kazini. Tangu siku hiyo, kila pampu niliyoitiwa nilianza na mtunzaji wake, ndipo nikafungua sanduku.

Mavuno yaliyofuata nilipita Vwawa kwa kazi nyingine, nikakata njia kwenda kuitazama. Ilikuwa inapiga. Nilinyoosha mkono nijaribu nati moja tu, tabia ya ufundi, Nzunda akanishika kifundo.

"Iache, mwanangu," akasema. "Haijakuita."