Lori Halijapona Mpaka Lirudi

Mama Spana hakupewa jina hilo kwa utani. Mumewe alipofariki, watu walimshauri auze gereji arudi kwao. Thubutu! Alivaa ovaroli ya marehemu, akakunja mikono, akaingia uvunguni mwa gari, na miaka ishirini na mitatu bado yumo humo. Sheria yake ni moja: gari halitoki getini mpaka alipakie mzigo, aliendeshe mpaka kilimani, alirudishe. "Kwenda, hata jiwe likisukumwa huenda," husema. "Gari halijapona mpaka lirudi."

Vita vilipoingia mwaka wa tatu, jeshi lilimletea malori kumi na mawili yaliyochukuliwa kwa wafanyabiashara, machakavu hasa. Kapteni akaja na karatasi ya kuthibitisha kwamba ni mazima. Ijumaa wanavuka mpaka, wakampige adui kwake. Alitaka saini tu.

"Na mafuta ya kurudia?" Mama Spana aliuliza.

"Tutayakuta kwao."

"Loo! Mmewaagiza wawawekee?"

Mafundi wakaangua kicheko. Kapteni hakucheka. Alijua kitindamimba wa mama huyu ndiye dereva wa lori la nne, basi akamvuta kando, penye rundo la matairi. "Mama, tia saini leo, mwanao abaki kambini."

Hapo moyo ulimpasuka, tusidanganyane. Mkubwa alishamzika mwaka wa kwanza wa vita. Aliyebaki ni huyu. Alifuta spana iliyokwisha kuwa safi.

"Na hao madereva wengine, wao hawana mama? Lete mifuko ya mchanga. Tupime kwanza."

Bila saini yake malori hayatoki, basi wakapakia mzigo kamili, Kapteni mwenyewe lori la mbele, amenuna, Mama Spana kando yake. Shauri lilikuwa waende mpaka daraja la zamani na kurudi, umbali ule ule wa safari yao ya Ijumaa. Darajani hawakufika. Malori saba yaliharibika: rejeta zilichemka, breki ziligoma, na lile la nne lilikatika shafti mteremkoni. Kapteni alisimama kando ya barabara, jua la saa sita utosini, jasho likimtiririka.

"Ingekuwa Ijumaa, tungekuwa ng'ambo," alisema polepole.

"Ndiyo, baba. Na huko fundi hakuna."

Kuvuka hakukufutwa, kuliahirishwa tu, na vita havina macho. Ila siku hiyo wote walirudi, wengine kwa kuvutwa kwa kamba.

Jioni kijana alimkuta mama yake uvunguni mwa lori la nne.

"Mama, Kapteni kaniambia. Kweli ulipewa nafasi nibaki, ukakataa?"

"Nilikataa."

"Na kama ningekufa?"

Spana ilisimama. "Ningelia mpaka nikufuate, mwanangu. Lakini mama za wenzako ningewatazama kwa macho gani?"

Kijana alivua shati, akajipenyeza kando yake, akamshikia taa.

"Nati ipi, mama?"