Upinde wa Pointi Tatu Nilioupaka kwa Mkono Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Majengo alinipa slasha, akanionyesha nyasi iliyonifika kiunoni, akasema, "Kata mpaka uone saruji." Nilikata siku tatu. Chini ya nyasi ile kulikuwa na uwanja wa mpira wa kikapu ambao hata walimu wa chuo walikuwa wamesahau kwamba wanao. Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi ya kutunza uwanja, chuoni huko upande wa Mosocho, na sikutoka mpaka kichwa kikaisha nywele.

Niliacha shule darasa la nne. Nasema mapema ili msomi asije kunitafutia kosa mbele ya safari. Lakini kupima najua. Baba yangu kule Marani alikuwa akichora misingi ya nyumba za msonge: kigingi katikati, kamba, unazunguka, duara limekamilika. Mimi mwenyewe, kabla ya chuo, nilipanga mistari ya majani chai kwa kamba ya katani, shamba baada ya shamba. Kwa hiyo miaka mingi baadaye, uwanja ulipomwagiwa saruji mpya na Msimamizi akaniita kuhusu mistari, sikutetemeka.

"Utaweza, Ombati, ama niite fundi wa mjini?"

"Huyo fundi wa mjini amezaliwa na kamba mkononi?" nikamwuliza.

Kwa asiyejua: ringi ni kile chuma cha mviringo kinachopokea mpira. Kuizunguka, chini sakafuni, kuna upinde mkubwa. Mchezaji akirusha akiwa ndani ya upinde na mpira ukaingia, ni pointi mbili. Akirusha akiwa nje, ni tatu. Upinde huo unatakiwa uwe mita sita na sentimita sabini na tano kutoka chini ya katikati ya ringi. Jioni nilipima kamba yangu kwa tepu ya ofisi, nikafunga fundo, nikarudisha tepu, nikatundika kamba kwenye ua. Kesho yake jua lilipokausha saruji, nikapaka. Upinde ulitoka mzuri. Nilikuwa nikizunguka mbali ili tu nipite mbele yake.

Kisha akaja Kocha Akinyi, dada mmoja wa kutoka upande wa ziwa, mwenye filimbi shingoni na maneno machache. Alipewa timu ya wasichana. Kapteni wao aliitwa Kwamboka, wa Ekerenyo, mikono mirefu na mdomo mrefu vilevile. Nyumbani wale wasichana walirusha mipira ya tatu kama mtu anayewatupia kuku mahindi, na ikaingia. Wakienda ugenini, haiingii hata kwa maombi.

Siku moja nilikuwa napaka rangi nguzo ya ringi, Mkuu wa Michezo akamjia Kocha, tai yake shingoni. Hakujali kwamba nasikia.

"Mwalimu, timu inapiga hapa na haipigi kwingine. Hiyo ni kazi ya kocha, si ya mtu mwingine. Zimebaki mechi mbili za ugenini. Tukipoteza zote, mwakani tutatafuta kocha."

"Sawa, bwana," Kocha akajibu. Alipoondoka, Kocha aliketi akanywa maji kwa muda mrefu. Chupa ilikuwa tupu. Mimi niliiona.

Jambo hilo likaniwasha. Kwa nini mtu apige nyumbani na akose ugenini? Mmoja aliniambia ni woga. Mwingine akasema ni chakula. Nikaanza kuchora chaki sakafuni wakati wa mazoezi: mpira ukiingia, duara pale mrushaji aliposimama; ukikosa, msalaba.

"Omogaka," Kwamboka akaniita, ndivyo tunavyomwita mzee kwetu, "unachora ramani ya kwenda wapi?"

"Ya kwenda mnakokosea."

"Basi chaki itaisha, ushindwe!" Wakacheka wote.

Mechi ya kwanza kati ya zile mbili ilikuwa Nyamira. Nilikwenda kubeba mipira. Wasichana walirusha tatu nyingi na karibu zote zikakosa, lakini tazama zilivyokosa: zote fupi. Ziligonga mdomo wa mbele wa ringi, zikarudi. Mwoga hukosa kushoto, kulia, kupita juu. Hawa walikosa mahali pamoja, kana kwamba wote wana mkono mmoja.

Tulifungwa, na watu walipoondoka nilipima uwanja wao kwa miguu, kisigino kwa kidole, kutoka chini ya ringi mpaka kwenye upinde. Nyayo ishirini na mbili na nusu. Kwetu najua ni ishirini na moja na kidogo, nimeukanyaga kila siku. Nikafurahi. Nikasema moyoni, hawa watu wa Nyamira wamekosea mstari!

Jumatatu nikaazima tepu ofisini ili nipate ushahidi wa kuwaaibisha. Nikapima kwetu. Mita sita na arobaini. Nikapima tena. Nikahamia ringi ya pili, nikapima upande huo. Mita sita na arobaini.

Niliketi juu ya saruji. Sasa nilitaka kujua tepu na fundo vilinigeukaje. Ndipo nikakumbuka usiku ule ilinyesha, kama kwetu inavyonyesha, na kamba ilikuwa uani. Asubuhi saruji ilikauka lakini kamba nene bado ilikuwa na maji ndani. Nikachukua kipande cha katani, nikakipima, nikakitia kwenye ndoo, nikakipima tena. Kilikuwa kimejikunja, kimefupika. Miaka yote nimepanga majani chai kwa kamba zilizonyeshewa, na sikujua, kwa sababu mistari yote ikifupika sawasawa mchai haulalamiki.

Siku mbili nilinyamaza. Ningeweza kupaka upinde upya, niseme rangi imechakaa, na nani angejua? Lakini kila asubuhi niliona Kocha akiwakimbiza wasichana mlimani ili wapate nguvu za mikono, na barua ya kumfukuza ikimngoja. Siku ya tatu nikamwendea.

"Kocha, mstari wangu ni mfupi. Futi moja na kitu."

Aliutazama upinde, akanitazama mimi. "Mzee Ombati! Nimewaua hawa watoto na mlima nikidhani ni mikono."

"Si mikono. Ni mimi."

Kwa Mkuu wa Michezo nilikwenda mwenyewe. "Nani alimpa mtu wa darasa la nne kazi ya kupima?" akafoka.

"Darasa la nne halikukosea, bwana. Nilipima sawa. Kamba niliiacha kwenye mvua. Niandikie mimi barua, kocha umwache amalize mechi." Akaniandikia ya onyo, na nikaipokea.

Upinde mpya niliupaka kwa tepu. "Omogaka, umetuhamishia ringi Keroka!" wasichana walilia. Siku ya kwanza mipira haikufika hata kwenye chuma. Kwamboka hakucheka. "Ulitufanya tujione mabingwa," akaniambia.

Niliendelea kuchora chaki kwenye upinde mpya, na Kocha akaomba nimwonyeshe misalaba yangu. Mingi ilikuwa mbele katikati, pale mtu anaporusha huku mkono wa adui uko usoni. Maduara yalikuwa karibu na ringi, na pembeni, mrushaji akiwa peke yake. Akawaambia, "Kuanzia leo, anayerusha tatu ni Kwamboka tu, tena akiwa pembeni na hana mtu mbele. Wengine, peleka mpira ndani." Hiyo ndiyo kuchagua mtupo: kujua mpira wa kurusha na mpira wa kumpa mwenzako.

Mechi ya mwisho ilichezwa Jumapili, maana nusu ya timu ni Wasabato. Kwamboka akapata mpira katikati, mkono usoni. Zamani angerusha. Akampa mwenzake. Wenyeji wakapiga kelele, "Anaogopa! Anaogopa!" Hakugeuka. Mwishoni akaachwa peke yake pembeni kushoto, akainua mikono ile mirefu, mpira ukapita wavuni bila kugusa chuma. Tulishinda kwa pointi moja. Mkuu wa Michezo alimwambia Kocha neno moja tu: "Andaa ratiba ya mwakani."

Mimi nilistaafu Kocha akiwa bado yupo. Siku ya kukabidhi kazi, Msimamizi mpya, kijana wa kompyuta, alikuwa akijaza fomu. "Uwanja niandike nini, mzee? Hali nzuri?"

"Andika mstari wa kwanza ulipakwa vibaya na Ombati, kwa kamba yenye maji. Wa pili ulipimwa kwa tepu. Atakayekuja aupime tena."

"Mzee, si lazima. Nenda nyumbani na heshima zako."

"Andika."

Akaandika, akanisomea. Alikuwa ameweka, "huenda ulipakwa vibaya." Nikamwambia aiondoe hiyo huenda. Akaiondoa. Nikatia sahihi.