Mama Mkwe wa Kwenye Bango

Kiwanda cha samaki pale Homa Bay kilikosa vijana. Walikuwa wanakimbilia Migori kuchimba dhahabu, na waliobaki walisema heri kulala njaa kuliko kunuka samaki kwa mshahara ule. Badala ya kuongeza mshahara, meneja akaleta watu wa picha za matangazo kutoka Nairobi. Wakaweka keki mezani, wakatuvisha juu ya nguo zetu fulana za manjano zimeandikwa mgongoni: Sisi ni Familia. Majina yao wote ninayo kichwani, hata la dereva, lakini hawastahili wino wangu.

Mimi nilikuwa nachambua omena, dagaa wa ziwani. Mume wa binti yangu alikuwa msimamizi wetu, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo. Kazini tulipatana: wakati wa chakula yeye alikwenda kwake, mimi kwangu. Kwetu Waluo mama mkwe hali chakula mbele ya mkwe wake. Hilo hakuna anayefundishwa, unakua ukilijua.

Basi kuna mdomo uliomwambia msichana wa kamera kwamba sisi ni mtu na mkwewe. Akapiga makofi.

"Shosho, kuja hapa mbele. Mkwe atakulisha keki."

"Mimi si shosho, huku kwetu bibi ni dani. Na huyo hawezi kunilisha."

"Ni picha tu, dani. Hata usimeze."

Hata usimeze. Maneno hayo yalinichafua roho kuliko keki yenyewe, iliyokuwa inayeyuka juani na nzi wa samaki wameshaianza. Nikamtazama meneja, nikidhani atakataza. Amezaliwa huku huku, mama yake nilisali naye Sabato hadi akafa. Akacheka.

"Hayo ni ya zamani, mama. Tunataka vijana waone upendo."

Mkwe wangu akachukua kipande. Macho chini. Nilijua anauogopea mkataba wake, nikamhurumia, nikangoja akirudishe sahanini. Hakukirudisha. Akapiga hatua kunijia.

Nikaivua ile fulana, nikaiweka juu ya keki, nikaenda nyumbani. Kiwandani sijarudi.

Baadaye bango likasimama njia panda. Mkwe wangu, sasa ana mkataba mpya, anamlisha keki karani wa kike wa ofisini. Karani huyo wamemfunga kitambaa na kumpaka unga kwenye nywele aonekane mzee. Chini wameandika: Kwetu Hata Mama Mkwe ni Familia. Sokoni wanawake wakanipokea nalo.

"Dani, kumbe binti yako ana mama mwingine? Tena huyo anapenda tamu."

Nilicheka nao. Nilipofika kwangu nikatema mate.

Jumapili mkwe akaja na binti yangu, amebeba sukari kilo mbili. Akakaa uani kwa adabu zote, kofia magotini. Sikutoka. Nilisemea dirishani, kwa binti, lakini kwa sauti ya kumfikia.

"Mwambie sukari hiyo aipeleke kwa mama mkwe wake wa kwenye bango. Yule wanakula pamoja, chai hawatashindwa."