Betri Haikuwa Njiani

Nilipiga magoti Kaberebere, njiani kwenda Mbarara, kando ya lami, mbele ya kabati la betri. Si mbele ya mtu. Mbele ya kabati. Kila betri mule ndani ilikuwa na taa ya kijani, maana yake imejaa, iko tayari kwa safari. Nilikuwa nimeichomoa yangu iliyokufa chini ya kiti cha pikipiki nikaipima kwenye matundu yao kama mwehu, kwa upana, kwa urefu, kichwa chini. Ilizidi kwa vidole viwili. Msichana aliyelinda kabati akaniambia polepole, "Mzee wangu, hiyo si ya kwetu. Haiingii." Nikamwambia basi anipe ya kwao, niijaribu kwangu. "Hata ikiingia haitawaka. Inajua pikipiki yake." Hapo ndipo magoti yalipokwenda chini.

Nyuma yangu binti yangu amesimama, uniform imepigwa pasi, ameshika mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo: kalamu, rula, mashine ya kupiga hesabu. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Mtihani wake wa taifa, wa kumaliza mwaka wa nne wa sekondari, ulikuwa unaanza saa tatu kule Mbarara, na karatasi ya kwanza ni hesabu.

"Papa, simama," akaniambia. "Batu banatuangalia."

Nimeambiwa nisiandike majina. Sawa. Sikusoma mingi, niliachia darasa la tano, lakini najua mtu anajulikana pia kwa kazi yake na fasi anapokaa. Nitasema hivyo tu, na wenye kujua watajua.

Kwetu Kivu ya Kusini pikipiki ilikuwa na jina moja, jina la kampuni ile ya zamani. Hata ukinunua ya kampuni nyingine, watu waliita kwa jina lile lile. Vita vilipofika kijijini nilikuwa nayo, ya petroli, tangi limekwaruzika. Nilimpakia mke wangu nyuma, mtoto katikati yetu amefungwa kwa kitenge, ana miaka miwili, ndiye huyu binti ninayemsema. Tulishuka mlima ule usiku na mchana. Waliobaki nyuma yetu kungoja gari sikuwaona tena. Kwa hiyo jina lile lililoandikwa kwenye tangi kwangu si biashara. Nililiweka karibu na mambo ya kanisani, Mungu anisamehe.

Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, nililima maharage na mahindi miaka mingi mpaka nikapata pikipiki nyingine, ya jina lile lile. Nikawa naendesha boda kati ya kambi na Mbarara, nina nafasi yangu kwenye steji ya Kakoba. Waganda walinizoea. Waliniita Mukongo, wakichoka waliniita Mzee.

Ndipo wakaja wale wapya. Vijana kutoka Kampala, suruali za kubana, na pikipiki za umeme zisizolia. Hawakuwa na jina lolote tulilolijua. Wakasimamisha makabati yao ya betri, moja Kakoba, moja Kaberebere, na kwingine. Steji nzima tulicheka. "Hiyo ni friji yenye magurudumu!" mmoja wetu alikuwa akiwapigia kelele kila wakipita. "Ukiiosha itakupiga shoti!" Lakini petroli ikapanda, ikapanda tena, na wale wa friji wakawa wanakwenda nyumbani mapema na wake zao wanavaa viatu vipya. Kicheko kikapungua.

Kampuni ya zamani ikaona. Ikatoa na yenyewe pikipiki ya umeme. Ajenti wake wa Mbarara, mwenye duka linalotazama soko la Kakoba, mtu wa shati jeupe kila siku ya Mungu, akaja kwenye steji yetu na kreti za soda.

"Bazee bangu," alisema, Kiswahili chake ni kile cha polisi na biashara, "hawa watoto ya juzi, leo wako, kesho wamekimbia. Betri yao utachaji na kuni? Sisi tuko hapa tangu babu yako."

"Babu yangu alikuwa Kongo," nikamjibu.

"Ssebo, bwana wangu, na kule tulikuwa!"

Steji ikacheka. Mimi sikucheka, maana alisema kweli. Walikuwako. Nilimuuliza kitu kimoja tu: betri nitabadilisha wapi nikitoka kambini? Akaniambia Kaberebere kuna kituo chao, ng'ambo ya barabara kutoka kwa wale watoto, na kambini chenyewe kinakuja. "Garanti," alisema, akajipiga kifuani. Niliwapa pikipiki yangu ya petroli, nzima, injini haijafunguliwa, wakanipa ya umeme.

Nisiwe mwongo. Pikipiki ilikuwa nzuri. Ilipanda vilima vya Isingiro bila kukohoa. Akina mama wa kanisa walipenda kupanda kwangu kwa sababu nguo hazinuki moshi, na mnaweza kuongea njia nzima bila kupiga kelele. Kila nilipopita Kaberebere nilibadilisha betri kituoni kwetu, nikamtazama yule msichana wa ng'ambo kama mtu anayemtazama jirani aliyeoa vibaya.

Sasa Jumapili ile. Kanisani kwetu, kabla ya mitihani, watahiniwa wanaitwa mbele, wanapiga magoti, wachungaji na wazazi wanawawekea mikono. Binti yangu alikuwa anasoma Mbarara, anakaa kwa shangazi yake, akaja kwa ajili ya maombi hayo. Yalichukua muda. Mama yake alisema jioni ile apande takisi arudi. Mimi nilikataa. Nilitaka nimpeleke mwenyewe. Nilisema mbele ya watu wote, nje ya kanisa, "Kesho nitamufikisha bila moshi ya injini, bila kelele, akili yake imetulia." Mzee mmoja wa kanisa akaniambia, "Uko na majivuno, ndugu." Tukacheka.

Tulitoka alfajiri, saa kumi na moja na nusu. Betri ilikuwa nusu, sikuogopa, Jumamosi nilikuwa nimebadilisha Kaberebere na mlinzi wa kituo akanitakia wikendi njema. Njiani aliniambia kanuni za hesabu mgongoni kwangu, moja baada ya nyingine, na mimi nasema ndiyo, ndiyo, kama ninayeelewa. Saa moja na robo tukafika. Kituo cha kampuni yetu kimefungwa kwa kufuli. Nikachungulia dirishani. Rafu tupu. Hata nyaya zilikuwa zimeng'olewa ukutani.

Nikampigia ajenti.

"Aa, Mukongo! Usisumbuke. Kuna matengenezo kidogo. Wewe ngoja pale pale. Betri iko njiani, dakika ishirini."

Takisi ya Mbarara ilisimama, ina nafasi mbili. Binti yangu akaniangalia. "Papa, nipande?"

"Ngoja kwanza, mama. Inakuja. Tutafika kabla ya saa mbili na nusu."

Saa moja na dakika hamsini nikapiga tena. "Imetoka, ssebo, kijana ameondoka nayo." Takisi nyingine ikapita. Bodaboda mmoja wa petroli, namfahamu, akapunguza mwendo. "Mukongo! Friji imeganda? Weka kuni!" Angekubali kumchukua. Sikumwomba. Nilimgeuzia mgongo nikaziba dirisha, ili asione rafu tupu.

Saa mbili na robo: "Yuko karibu, sikiliza tu utamsikia." Kumbe nilisikiliza kweli. Nilisimama katikati ya barabara, shingo imenyooka, nasikiliza kitu kinachosifiwa kwamba hakina sauti.

Mara ya nne simu haikupatikana. Ndipo nikavuka barabara kwenda kwa wale watoto wa juzi, na kilichotokea huko nimeshakisema. Isipokuwa hiki: msichana, Mungu ambariki, alimpigia bosi wake kumwomba. Aliweka sauti ya nje ili nisikie. Bosi akacheka, akajibu, "Mwambie hiyo ndiyo faida ya kununua kwa wazee. Akija ofisini tutampa ya kwetu." Msichana akazima haraka, lakini nilikuwa nimesikia.

Saa hizo barabara ilikuwa imekauka. Boda wote wameshapeleka watu mjini, takisi zinapita zimejaa. Tulipata pikipiki ya kumchukua saa tatu kasoro dakika tano, ya petroli, ya jina lile lile, bomba linatoa moshi mweusi. Aliondoka amekumbatia mfuko wake. Mimi nikabaki na chuma changu.

Alifika saa tatu na dakika arobaini. Mlango wa chumba cha mtihani ulikuwa umefungwa, na sheria ni nusu saa. Mwalimu wake alimwombea kwa msimamizi mpaka msimamizi akatishia kumwandikia ripoti na yeye. Akakaa kwenye ngazi, akangoja wenzake watoke. Akafanya karatasi nyingine zote siku zilizofuata, bila kukosa hata moja, lakini bila hesabu hakuna cheti. Na wafadhili wanaomlipia shule hawalipi anayerudia mwaka. Walisema hivyo tangu mwanzo, imeandikwa, mimi mwenyewe niliweka kidole gumba pale chini.

Sikai. Mke wangu ananiambia kaa, kula, nasimama na sahani mlangoni. Kila wiki nimekwenda Mbarara. Mara ya pili nilimkuta mtunza stoo wa duka la ajenti, mtu mpole, anafagia. Akanivuta pembeni akaniambia ukweli.

Barua ya kufunga vituo ilikuwa imefika wiki mbili kabla. Kampuni ya zamani ilikuwa imeona umeme haulipi haraka, inarudi kwenye petroli yake. Jumapili, sisi tukiwa kanisani, lori lilikusanya betri zote na kuzirudisha Kampala. Jumatatu asubuhi hapakuwa na betri yao ya kubadilisha hata moja Mbarara nzima.

"Sasa kwa nini alisema iko njiani?" nikauliza.

"Alikuwa na mteja, mzee. Mtu wa Kikagate, alifika mapema. Ananunua pikipiki ya umeme, moja ya zile za mwisho zilizobaki. Angesemaje kwa simu kwamba betri hakuna, na mtu anasikia?"

Ndiyo hiyo. Asubuhi nzima ya binti yangu ililiwa na mteja aliyesimama mezani. Na huyo wa Kikagate naye, popote alipo, ana chuma kama changu.

Nilimtafuta ajenti. Dukani wameweka bango jipya, pikipiki za petroli zimepangwa mpaka barabarani, na mtu mwingine kabisa mezani. Yeye nilimkuta mtaa wa pili, kwenye ofisi ya wale wapya. Amevua shati jeupe, amevaa jaketi lao. Anagawa soda.

"Mzee wangu!" aliniita, mikono imefunguka. "Umekuja vizuri. Hawa ndiyo banaendelea."

"Binti yangu alikosa mtihani," nikamwambia.

"Pole sana, banange. Lakini mambo ya kampuni ile usiniulize mimi tena. Mimi niko huku sasa."

Nikaenda dukani kwa kampuni ya zamani. Wakasema aliyenidanganya si mfanyakazi wao tena. Nikarudi kwa wapya. Wakasema aliponidanganya hakuwa mfanyakazi wao bado. Hebu mniambie, asubuhi ile alikuwa wa nani?

Sitaki pikipiki nyingine. Sitaki soda. Kosa langu nalijua, nilimzuia mtoto asipande takisi, na hilo nimemwambia mwenyewe, mbele ya mama yake, akiwa analima maharage. Aliendelea kupalilia. Nimelisema. Ninyi mtalisema lini? Wewe uliyesaini barua ya kufunga ukaacha watu waendelee kuuza, wewe mlinzi wa kituo uliyenitakia wikendi njema, wewe bosi uliyecheka kwenye simu, na wewe wa jaketi, wewe hasa: njooni Nakivale, mchana, nyumba inajulikana. Mfadhili anataka karatasi inayosema kwa nini mtoto alichelewa, imesainiwa na aliyemchelewesha, ndipo afikirie tena. Nani kati yenu anasaini?