Mama Vipimo aisaka mionzi kabatini

Saa tatu asubuhi, Mama Vipimo anaweka ndizi mbivu juu ya meza yake ya kazi na kuisogezea mashine ndogo ya kijivu yenye mrija wa chuma. Anatega sikio. Mashine inatoa mlio mmoja, inanyamaza, inatoa mwingine. Anangoja weee, kisha anaimenya ndizi na kuila.

"Walisema ndizi ina mionzi," anasema huku akitafuna. "Inayo kweli, lakini kwa mashine hii ni sawa na kumnong'oneza kiziwi. Angalau nimepata kifungua kinywa."

Jina lake la nyumbani hakuna anayelitumia tena. Chochote chenye mshale au tarakimu huishia kwake, iwe mizani ya duka la nyama, kipima joto au kipimo cha upepo wa matairi. Ufundi aliupata kwenye karakana ya kiwanda, na kiwanda kilipofungwa akarudi nyumbani na bisibisi zake, akageuza chumba cha uani kuwa ofisi. Wiki nzuri humletea mizani nne au tano. Wiki mbaya ni pasi za majirani, nazo hutengenezwa kwa mkopo usiolipwa na ahsante nyingi.

Mashine hii ya kupima mionzi haikuletwa na mteja. Imeletwa na mumewe, anayepokea malori getini kwenye yadi ya vyuma chakavu. Kabla lori halijashusha mzigo, yeye hulizungushia mashine hiyo, maana katikati ya mabati na injini huweza kujificha kipande cha mashine kuukuu ya hospitali au ya kiwandani. Kipande hicho hakinuki wala hakiwaki, lakini kinaweza kuunguza mikono ya mtu na kumlaza kitandani.

Mashine ilidondoka kwenye dimbwi, ikazimika. Mama Vipimo akaikausha, akabadilisha vifaa viwili vilivyoungua, ikawaka. Hapo ndipo kibarua kilipoanza.

"Kuwaka si kazi," anaeleza. "Mionzi kidogo iko kila mahali, mpaka ukutani hapo. Mlio mmoja mmoja hata mashine mbovu hukohoa. Mimi nataka niiwekee kitu chenye mionzi zaidi, niisikie ikiongeza mwendo. Isipoongeza, nitampaje mume wangu akasimame nayo getini?"

Akaanza kupekua nyumba. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba hakivunjwi kitu, hakikwanguliwi wala hakifunguliwi. Fundi mwenzake alimshauri apasue kile kidude cha darini kinachopiga kelele kikinusa moshi, achukue punje ya mionzi iliyo ndani. Alimjia juu. "Kikiwa kizima hakina neno. Ukikipasua, umejitafutia balaa."

Akaazima kwa jirani chumvi ya wagonjwa wa presha, ile yenye potasiamu. Mlio ukapanda kidogo, au alidhani umepanda. "Nikajiuliza, ni chumvi hii, au ni moyo wangu tu unavyotaka?"

Ndipo akakumbuka karabai. Fundi yeyote wa umri wake anajua kuwa kile kijifuko cheupe kinachowaka ndani ya karabai huichachamaza mashine ya mionzi. Akanunua kipya, akakiacha ndani ya nailoni yake vumbi lisitoke, akakiweka mezani. Mlio ukabaki ule ule wa mmoja mmoja. Akageuza, akasogeza, vilevile.

Hakukitilia shaka kijifuko hata kidogo. Aliulaumu mrija, ndio unaonasa mionzi. Akapiga simu yadi na kusema mrija umekufa, mwingine uagizwe. Msimamizi akajibu kwamba basi kazi iendelee bila mashine. Malori mawili yakashusha mzigo, na mumewe akayapokea mikono mitupu.

"Niliogopa, siyo siri," anasema. "Akirudi jioni, naangalia viganja vyake kabla sijamsalimu."

Ubahili ndio uliomwokoa. Alikwenda kurudisha kijifuko dukani, na muuza karabai akacheka mpaka akakaa.

"Dada yangu, hivi vipya havina ile dawa yenye mionzi! Viwanda vingi viliiacha zamani. Unayotafuta ni ya enzi za babu zetu."

Mama Vipimo akarudi nyumbani akijisema njia nzima. Huenda mrija ulikuwa mzima siku zote. Lakini huenda kweli umekufa. Akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama mkwe, ambako kabatini kuna sahani nzito ya rangi ya chungwa. Baadhi ya sahani za zamani za rangi hiyo zilipakwa rangi yenye urani, madini yenye mionzi.

"Mama, naomba ile sahani yako."

"Kuna mgeni?"

"Hapana, nataka kuipima mionzi."

Mama mkwe akamtazama juu mpaka chini. "Nimeolewa nayo, nimezaa sita, leo unaniambia ina sumu?"

"Ikikaa kabatini haina neno, mama. Tusile humo tu, na isikwanguliwe."

Bibi akakubali kwa sharti kwamba ataibeba mwenyewe. Ilipowekwa chini ya mrija, mashine ikaanza kulia kama mafuta ya moto yaliyodondokewa maji. Bibi akarukia nyuma ya mlango. Mama Vipimo akaiondoa mashine, mlio ukapungua. Akairudisha, ukapanda. Akafanya hivyo tena na tena, machozi yakimtoka, na hakujisumbua kuyafuta.

Mumewe alipoletewa habari, hakuulizia mashine. Aliuliza: "Na yale malori mawili?"

Wakaenda yadi wote wawili. Mama Vipimo akazuiwa getini pamoja na wafanyakazi, akamtazama mumewe akilizunguka rundo taratibu, mrija mbele. Mlio ulikuwa ule wa mmoja mmoja. Aliporudi alisema neno moja tu, "Shwari," akaketi chini kwenye vumbi.

"Nilikosea upande wenye heri," anasema Mama Vipimo. "Nilisema imekufa, kumbe nzima. Ningesema nzima, kumbe imekufa, leo ungekuta matanga hapa."

Sasa anataka kila yadi inayomletea mashine iwe na kitu chake cha kuijaribia, kikae ndani ya kisanduku cha mbao chenye kufuli, na mtu anawe mikono akishakigusa. Cha mumewe tayari kipo getini. Bibi ameitoa sahani yake ikae humo, akinung'unika.

Lori la kwanza limefika na dereva anapiga honi mfululizo. Mumewe anamwinulia kiganja asubiri, anafungua kisanduku, anasogeza mrija na kusikiliza. Honi inapigwa tena. Bado anasikiliza.